Kuugua, Kuuguza na Kuuguliwa: Mtunzaji wa Mzee Msahaulifu katika Lugha na Fasihi Yetu

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kulihakiki jambo moja ambalo fasihi ya Kiswahili, pamoja na sisi tunaoifundisha, tumelipita kando kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hali ya mtu anayemtunza nyumbani mzee aliyeingiwa na maradhi ya kusahau: uchovu wake, upweke wake, na ile huzuni isiyoondoka ambayo yaweza kumwangusha yeye kabla ya mgonjwa. Tunaandika tukiyakumbuka hasa mazingira ya mpakani mwa Uganda na Kenya, yaani Busitema, Tororo na miji miwili ya Busia, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya kituo cha mabasi na ya darasa pia.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifundisha si mbali na mpaka huo, tuliwapa wanafunzi wetu insha ya kuifafanua methali isemayo "Penye wazee haliharibiki neno." Wengi waliandika tuliyoyatarajia: babu aliyesuluhisha ugomvi wa shamba, nyanya aliyejua dawa ya tumbo. Msichana mmoja aliandika mambo mengine. Alisimulia kwamba nyanyake humwita mwizi kila asubuhi kwa sababu ya leso aliyoificha mwenyewe. Kwamba usiku huamka na kudai apelekwe kwao, ilhali yumo nyumbani mwake. Na kwamba mama, ambaye hulala mlangoni ili bikizee asitoke, ameacha kuuza samaki sokoni, ameacha kwenda kanisani, na siku moja alionekana ameketi nyuma ya jiko akilia bila ya kusema anacholilia. Insha iliishia hapo, bila ya funzo lolote. Tukashika kalamu nyekundu tukaandika chini yake: "Umetoka nje ya mada." Tukampa alama nane kati ya ishirini.

Leo tunasadiki kwamba mwanafunzi yule alikuwa ndani ya mada kuliko wenzake wote. Makala haya ni jaribio letu la kuisahihisha upya insha ile.

Mzee wa methali

Methali zetu zimemjenga mzee wa aina moja, naye ni mzee mwenye kumbukumbu. Tunaambiwa kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Heshima ya mzee huyu imejengwa juu ya yale ayakumbukayo. Jambo hilo lina sababu yake. Pale ambapo maandishi yalikuwa machache, mipaka ya mashamba, nasaba, mahari iliyolipwa na ile isiyolipwa, vyote vilihifadhiwa katika vichwa vya wazee. Lakini mzee anapopotewa na kumbukumbu hiyo, methali hizi hazina la kumwambia yeye wala anayemlisha. Hapo jamii hutafuta maelezo mengine, na aghalabu hupata matatu: amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi, au amerudia utoto.

Maelezo mawili ya kwanza tunayajua madhara yake. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashutumu kwa uchawi. Hatudai kwamba marehemu hao walikuwa na maradhi tunayoyazungumzia. Tunalosema ni kwamba mzee anayetembea usiku akizungumza peke yake yumo hatarini mahali popote ambapo watu wana jina moja tu la kumwita.

Maelezo ya tatu yanaonekana kuwa ya huruma, lakini nayo yanadanganya. Mtoto hujifunza, kila mwezi huongeza neno, na mlezi wake huuona ujira wa kazi yake. Mzee huyu hupunguza. Jana alimjua mjukuu, leo hamjui. Anayemwambia mtunzaji kwamba mama "amerudia utoto" humpa matumaini ya ulezi katika kazi isiyokuwa na matumaini hayo, kisha mtunzaji hujilaumu kwa kuchoka, akidhani kwamba wenzake wanaolea watoto hawachoki hivyo.

Matabibu wamekwisha kutueleza kwamba hali hii, ambayo wao huiita dimensia, si uzee wenyewe bali ni matokeo ya magonjwa ya ubongo. Lililo mashuhuri zaidi miongoni mwa magonjwa hayo limepewa jina la Alois Alzheimer, tabibu wa Ujerumani aliyelieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 ulimwenguni wana dimensia, na kwamba zaidi ya nusu yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilohilo linasema kwamba asilimia 70 hivi ya saa za utunzaji hutolewa na wanawake. Kwa hiyo mama yule aliyelia nyuma ya jiko ana wenzake wengi mno.

Mgonjwa husema, mtunzaji hunyamaza

Tukiigeukia fasihi andishi, tunakuta kwamba ugonjwa haukosekani. Anayekosekana ni yule aliye kando ya kitanda. Hebu tutazame mifano mitatu ambayo wasomaji wetu wanaijua.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na akafariki miaka michache tu baadaye. Katika utenzi huo mgonjwa ndiye msemaji. Anamwita bintiye, anamketisha, anamwusia. Wahakiki wamebishana sana juu ya nafasi ya mke iliyoelezwa humo, na ubishi huo una maana yake. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza darasani huyo binti alikuwa na hali gani? Bila shaka kuna aliyemletea mgonjwa maji na kumgeuza ubavu. Utenzi haumsikilizi, nasi tumeufuata utenzi.

Mfano wa pili ni riwaya ya Ken Walibora, *Kidagaa Kimemwozea*, ya mwaka 2012. Humo tunamwona Dora, mke wa Mwalimu Majisifu, akiwatunza watoto wenye ulemavu huku mumewe akizama katika ulevi. Dora hunung'unika, naye Imani anapokuja kuishi nao, mzigo wa nyumba hupungua. Tulipokuwa tukiifundisha riwaya hii katika miaka ile ilipotahiniwa, tulizoea kumweka Dora katika orodha ya wahusika wadogo, na kuyaita manung'uniko yake "udhaifu wake". Tukiyasoma upya, tunaona kwamba Walibora aliuonyesha ukweli ambao sasa unakubaliwa na wataalamu: mtunzaji hahitaji sana mahubiri, anahitaji mtu wa pili nyumbani. Kuwasili kwa Imani ni tiba kwa Dora kama kulivyo tiba kwa watoto.

Mfano wa tatu ndio ulio karibu zaidi na mada yetu. Ni tamthilia ya Timothy Arege, *Bembea ya Maisha*, ambayo imesomwa katika shule za sekondari za Kenya mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Sara ni mgonjwa. Mumewe Yona, mwalimu wa zamani aliyewahi kumtesa kwa pombe na kipigo, sasa hana budi kumhudumia. Neema, binti yao aliyeko mjini, anabeba gharama za matibabu, na gharama hizo zinaingia katikati yake na mumewe Bunju. Tunaipongeza tamthilia hii kwa dhati. Imethubutu kuonyesha kwamba ugonjwa wa mzazi huingia katika ndoa ya mtoto, katika mshahara wake, na katika usingizi wake. Pia imemwonyesha mwanamume mbele ya kazi za jikoni, jambo ambalo wengi wetu tungependa kulifumbia macho.

Hata hivyo, upo mpaka ambao tamthilia hii haikuuvuka. Sara anaugua mwili, lakini akili yake ni timamu. Anajua nani amemletea chakula. Anaweza kushukuru, kukumbushia ya zamani, na kusamehe. Kwa hiyo kila tendo la kumtunza linapokewa na mtu, na mwandishi anaweza kuujenga mchezo wake juu ya mapokezi hayo. Mzee mwenye dimensia humwondolea mtunzaji malipo hayo. Humlisha asubuhi, na adhuhuri akaambiwa mbele ya majirani kwamba tangu jana hakumpa chakula. Yona alipata nafasi ya kutubu mbele ya mtu anayeukumbuka uovu wake. Je, angetubu mbele ya nani kama Sara angekuwa hamjui tena? Swali hilo bado halijapata mtunzi wake katika Kiswahili, au kama limempata, halijafika katika madarasa yetu.

Kauli ya kutendewa

Hapa ndipo tunapotaka kutoa hoja yetu kuu. Fasihi yetu imechelewa, lakini lugha yetenyewe haikuchelewa. Kiswahili kina vitenzi vitatu vilivyotoka katika mzizi mmoja, na kila mwalimu anaweza kuviandika ubaoni.

Kuugua ni kuwa mgonjwa; tena neno hilohilo lina maana ya kutoa sauti ya maumivu. Kuuguza ni kumhudumia mgonjwa. Na kuuguliwa ni kuwa na mgonjwa wako, yaani ugonjwa ulio katika mwili wa mwingine kukuangukia wewe. Tunasema, "Jirani yetu ameuguliwa na mamake." Mama ndiye anayeugua, lakini sentensi inamhusu jirani.

Kauli hii ya kutendewa ni hazina ya lugha za Kibantu. Kwayo tunasema kwamba mtu amenyeshewa, ameharibikiwa, amefiwa. Mvua hunyesha yenyewe, chombo huharibika chenyewe, marehemu hufa yeye; lakini sarufi inatulazimisha kumtazama yule ambaye jambo limemwangukia. Wenzetu Waganda nao wanalijua jambo hili: kwao *okulwala* ni kuugua, na *okulwaza* ni kuwa na mgonjwa. Mwalimu wa Uganda anayeanza kukifundisha Kiswahili atakuta kwamba wanafunzi wake wanaielewa maana hii kabla ya kulijua neno.

Sasa tulinganishe kufiwa na kuuguliwa. Aliyefiwa ana jina, ni mfiwa. Ana siku zake, ana matanga. Mikeka hutandikwa, chai hupikwa na wengine, watu huja kumpa mkono. Hatarajiwi kufanya kazi, wala halaumiwi akilia. Aliyeuguliwa na mgonjwa wa wiki mbili naye huletewa sukari na sabuni. Lakini aliyeuguliwa na mzee msahaulifu kwa miaka saba hana matanga yake. Wageni huja mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili huuliza hali wakiwa barabarani. Mwaka wa tatu hawaulizi. Na hali yenyewe iko karibu sana na kufiwa, kwa kuwa mama aliyemjua jina lake amekwisha kuondoka, ingawa yule anayekula uji wake angali yupo. Mtu huyu ana msiba usiotangazwa.

Hata nomino ya kumwita imepotea. "Mwuguzi" amekuwa mtumishi wa hospitali mwenye sare na cheti. "Mlezi" ni wa watoto. "Mtunzaji" ni neno zuri, lakini hata bustani ina mtunzaji. Kwa kuwa kufiwa kumetupa mfiwa, hatuoni kizuizi cha kisarufi cha kuuguliwa kutupa "mwuguliwa". Tunalipendekeza neno hili kwa wanachama walijadili.

Swali la mzigo

Maneno haya yana kazi nje ya darasa pia. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Steven Zarit walitunga hojaji ya kuupima uzito wa kumtunza mzee mwenye dimensia. Toleo lake linalojulikana zaidi lina maswali 22, kila moja likijibiwa kwa alama kuanzia sifuri hadi nne, hivi kwamba jumla ya juu kabisa ni 88. Hojaji hii imetumika katika nchi nyingi. Jina lake limejengwa juu ya neno la Kiingereza ambalo sisi hulitafsiri, bila ya kufikiri, kuwa "mzigo".

Lakini mwulize mwana wa Kisamia, wa Kiteso au wa Kijopadhola mbele ya watu: "Je, mamako ni mzigo kwako?" Atajibu hapana. Atajibu hivyo hata kama hajalala siku tatu, kwa sababu kumwita mama mzigo ni kumlaani. Jibu litaandikwa, alama zitajumlishwa, na itaonekana kwamba hana taabu. Kosa hapo si la mjibuji. Ni la mfasiri aliyechukua neno la kamusi bila ya kulitazama linavyokaa katika adabu ya watu. Mwulize badala yake: "Tangu uuguliwe na mama, unalala vipi? Unakula? Kuna siku unajichukia? Ni nani hukupokea zamu?" Hapo atazungumza.

Mambo haya yana ushahidi nchini Uganda kwenyewe. Watafiti waliofanya kazi ya kutibu huzuni kuu katika vijiji vya Rakai na Masaka walianza kwa kuwauliza wenyeji majina yao wenyewe ya hali hiyo, wakapewa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Walijenga matibabu yao juu ya maneno hayo, watu wakaketi katika vikundi na kuzungumza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa. Huzuni ya namna hiyo, ambayo baadhi ya wataalamu wa Kiswahili huiita sonona, ni ugonjwa wenye tiba. Inapoendelea majuma mawili au zaidi ikimnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na raha ya mambo aliyoyapenda, si uvivu wala upungufu wa imani.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii tumeifundisha mara nyingi kama onyo la jumla. Tungependa ifundishwe pamoja na insha ya yule msichana, ili wanafunzi waone ni nani hasa anayelibeba kanda hilo, na ni nani anayesimama kando akisema ni jepesi.

Mpakani

Kwa nini tumeitaja Busitema na Busia, na si mahali pengine? Kwa sababu huko taabu hii ina umbo lake maalum. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliuondoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakawa na jamaa pande zote mbili. Bikizee aliyeolewa kutoka ng'ambo, akidai usiku apelekwe kwao, huenda anadai kuvuka mpaka wa mataifa mawili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha safari za malori, lakini hakikuundwa kwa ajili ya mzee aliyesahau jina lake mwenyewe.

Serikali zote mbili zimewakumbuka wazee, na tunazishukuru. Uganda imeweka shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 80; Kenya imeweka shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Lakini fedha hizo, kwa sarufi yake, ni za anayeugua. Aliyeuguliwa, aliyeiacha meza yake ya samaki sokoni, hamo katika sentensi.

Tena mpakani ndipo Kiswahili kinapozidi kupewa kazi. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wanahitajika, na vitabu vinahitajika. Ikiwa tutawapelekea watoto wa Tororo mzee wa methali peke yake, tutakuwa tumewapelekea lugha isiyojua yaliyomo nyumbani mwao.

Pingamizi

Tunajua tutakavyopingwa. Wapo watakaosema kwamba kuzungumza juu ya taabu ya kumtunza mzazi ni desturi ya kigeni, na kwamba tukiifungulia mlango tutaishia kuwapeleka wazee wetu katika nyumba za kulelewa na wageni. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini tunauliza: desturi yetu ya kweli ilikuwa ipi? Ilikuwa mzee atunzwe na mji mzima: wake wenza, shemeji, wajukuu, majirani. Leo wajukuu wamo shuleni, vijana wamo Kampala na Nairobi, na kilichobaki cha desturi ni wajibu bila ya watu wa kuugawana. Binti mmoja ameachiwa kazi ya mji mzima, kisha anaambiwa anyamaze kwa jina la mila. Anayeitetea mila na aanze kwa kupokea zamu.

Kazi ya mwalimu

Tunapendekeza mambo matatu, nayo ni madogo. Kwanza, tunapofundisha tamthilia au riwaya yenye mgonjwa, tumwulizie yule aliyeuguliwa: analala saa ngapi, ameacha nini, nani anamsaidia. Pili, kitenzi cha kuuguliwa kiingie katika mazoezi yetu ya kauli ya kutendewa kando ya kufiwa na kunyeshewa, kwa sentensi zenye maisha ndani yake. Tatu, tuwaambie waandishi chipukizi kwamba hapa pana dhamira isiyoguswa. Mhusika asiyeweza kushukuru, na mtu anayemtunza hata hivyo, ni mtihani mgumu kwa mtunzi yeyote, na pengine ndiyo sababu tumeukwepa.

Yule msichana hatukumpata tena. Alihamia upande wa pili wa mpaka kabla ya muhula kwisha. Tuliambiwa kwamba alikwenda kumsaidia mamake. Insha yake hatunayo. Alama nane tulizompa zimebaki katika daftari letu la zamani, wala kanuni haituruhusu kuzibadilisha. Lakini kwa wanafunzi tulio nao sasa, kalamu nyekundu ingali mikononi mwetu.